Ndoa ni Kifungu cha 9, Jela ni Kifungu cha 154

Kwenye mabaraza ya kahawa ya Ngamiani, hapa Tanga, mjadala wa ndoa za jinsia moja ukianza, mara mambo matatu yanachanganywa: ndoa ya serikali, ndoa ya dini na kifungo cha jela. Anayetaja hili anajibiwa lile, na ubishi hauishi.

Ndoa huku Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 9 kinasema ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Wanaotaka kuoana hutoa taarifa angalau siku 21 kabla, yenye majina, umri, makazi, wazazi na hali yao ya ndoa. Mwanamume mwenye mke anataja na majina ya wake alionao. Wawili wa jinsia moja wanakwama hapo hapo, kwa kuwa msajili hana mamlaka ya kuwapokea. Hata kifungu cha 160, kinachowatambua walioishi pamoja miaka miwili na jamii ikawahesabu mke na mume, kinataja mwanamume na mwanamke. Kubadilisha hayo kunahitaji muswada, kura za Bunge na saini ya Rais. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 2015, iliyohalalisha ndoa hizo nchini kwao, haigusi hata nukta ya sheria yetu.

Je, masheikh na mapadri watalazimishwa kufungisha? Tazama Afrika Kusini. Kwa sheria yao ya 2006 iliyoruhusu ndoa za jinsia moja, kiongozi wa dini hafungishi ndoa hizo mpaka dhehebu lake liombe idhini na yeye mwenyewe aombe kuteuliwa. Uingereza, sheria ya 2013 inalizuia kabisa Kanisa la Anglikana la huko kuzifungisha. Wanaobanwa ni watumishi wa umma: Afrika Kusini waliruhusiwa kukataa kwa sababu ya dhamiri, ruhusa hiyo ikafutwa 2020 baada ya ofisi nyingi kukosa mtu wa kufungisha. Anayepinga ana hoja hapo, na ajibiwe kwa heshima.

Kinachompeleka mtu jela ni kingine: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu. Tangu mabadiliko ya 1998, kuingiliana "kinyume cha maumbile" adhabu yake inafika kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Hata mume na mke wa ndoa halali kinawahusu. Wengi wanaamini kukigusa ni kufungulia mlango wa ndoa. Jirani zetu Msumbiji waliondoa jinai hiyo 2015, na ndoa za jinsia moja hawana. Botswana mahakama iliifuta 2019, rufaa ikathibitisha 2021, na sheria ya ndoa haikubadilika kwa hukumu hiyo. England na Wales jinai ilianza kuondolewa 1967, ndoa ya kwanza ikafungwa 2014.

Kuhusu ndoa, tubishane tutakavyo. Lakini kumfunga maisha mtu mzima kwa jambo la faragha alilokubaliana na mtu mzima mwenzake ni dhuluma, na hata anayepinga ndoa hizo kwa moyo wake wote anaweza kuliona hilo. Madhara yake yanaanzia zahanati. Mwanamume mwenye kisonono cha njia ya haja kubwa akificha alivyokipata, atapimwa mkojo, na mkojo unaweza kuonyesha hana kitu. Atarudi nyumbani bila dawa, na pengine ana mke.

Marekebisho ninayoyataka ni mafupi. Watu wazima waliokubaliana waondolewe kwenye kifungu cha 154. Kumwingilia mtu kwa kumlazimisha kuendelee kuwa kosa zito. Na kumlawiti mtoto chini ya miaka 18, ambalo ndilo jambo linalowakosesha wazazi usingizi, kubaki na kifungo chake cha maisha kama kilivyo.