Mwizi Alikaa Nalo Siku Nne, Yadi Ikakaa Nalo Mwaka

Nilipoingiza Toyota IST yangu nyumbani Buswelu, Mwanza, jirani aliizunguka mara mbili kisha akaniuliza kama haina mkosi. Alikuwa ameshasikia habari zake: iliibwa, ikapatikana wakati kampuni ya bima imeshamlipa mwenyewe, kampuni ikaipeleka mnadani. Kwake yeye, chombo kikishapita mikononi mwa mwizi hakifai tena. Nadhani kuogopa aliogopa sawa, ila woga wake aliuelekeza siko.

Mwizi haibi kimeo. Anachukua gari linalowaka asubuhi bila kusukumwa, na analihitaji limfikishe kwa mteja, hivyo injini na gia boksi huwa na nafuu. Yatazame magari ya ajali yanayopangwa mnadani hapo hapo: chasisi imepinda, ikanyooshwa, ikafunikwa rangi, na ubaya wake utaujua miezi sita baadaye matairi yakianza kuliwa upande mmoja. La wizi makovu yake yako nje. Kitasa kimechokonolewa, swichi ya kuwashia imevunjwa, redio hakuna, saiti mira hakuna. Unazunguka na kalamu unayajumlisha.

Ninachokiogopa mimi ni pale gari lilipolala. Kwa barua nilizooneshwa, mwizi alikaa na hii yangu siku nne. Kisha ikawa kidhibiti, yaani ushahidi wa kesi, ikakaa kituo cha polisi, ikahamia yadi. Jumla mwaka na miezi saba ya jua na mvua, kioo kimoja kikiwa wazi. Fundi alipofungua dashibodi alicheka kwanza. “Braza, humu panya walifanya harusi.” Nyaya zimetafunwa mpaka shaba inaonekana. Petroli ya kwenye tangi ilinuka kama vanishi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu yakikaa, na breki za nyuma zilikuwa zimeganda kwa kutu. Matairi yaling'aa, lakini ubavuni yalisoma 2316, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Yote manne nikayatupa.

Mnadani nililipa milioni 5 na laki 8. Kutengeneza alichoharibu mwizi, pamoja na kubadilisha vitasa vyote (funguo za zamani hujui ziko mfukoni mwa nani), ilinigharimu laki 4 na nusu. Kutengeneza kilichoharibikia yadi kulikula milioni 1 na laki 4. Watu pale walijazana kumuuliza dalali gari liliibwa wapi, utadhani wanataka kwenda kutoa pole. Sikumsikia hata mmoja akiuliza limelala miezi mingapi.

Na uende na betri yako. Gari linauzwa kama lilivyo, mahali lilipo. Kulizungusha hawakuruhusu, ila dalali akiwa na moyo mzuri atakuacha uliwashe. Nyundo ikishagonga, mnada wangu ulitaka robo ya bei papo hapo na iliyobaki ndani ya siku 14, kwa hiyo hakuna muda wa kwenda nyumbani kufikiri.

Kwenye karatasi tu ndipo sina utani. Kulikuwa na IST nyingine, safi kuliko yangu. Kadi ya gari ilisema modeli NCP60, ambayo ni ya cc 1300 yenye injini ya 2NZ; nikafunua boneti nikakuta 1NZ ya cc 1500. Pengine mtu alibadili injini tu. Pengine ni magari mawili yaliyounganishwa kuwa moja. Nikaiacha, akaichukua kijana mmoja huku anatabasamu. Mimi nilitaka namba ya chasisi na ya injini zilingane na kadi na kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato (TRA), barua ya polisi kwamba gari si kidhibiti tena, na ushahidi kwamba mwenyewe alishalipwa. Pakikosekana kimoja, hata kwa milioni 2 silitaki.

Wala simshauri mtu ambaye fedha yake yote inaishia kwenye nyundo. Yangu ilikaa gereji wiki tano, nami nikaendelea kugombania daladala.

Sasa inanipeleka Kirumba kila siku, kupitia Kiseke na Sabasaba. Kuna waya mmoja fundi hajaupata: nikiwasha indiketa ya kushoto, taa ya ndani nayo inapepesa. Jirani, ambaye siku hizi hupanda lifti mpaka Sabasaba, kila ikipepesa huinyooshea kidole bila kusema neno.