Mstari hafifu nao ni ajira

Kijana wa Mwanza aliyesomea maabara akisema anataka kufanya utafiti wa biosensa (vifaa vidogo vinavyotumia molekuli za kibayolojia kutambua ugonjwa au sumu), ushauri huwa ni ule ule: nenda Ulaya, au achana nayo. Ushauri huo una uzito wake. Malighafi zake, yaani kingamwili, karatasi za nitroselulosi na elektrodi, karibu zote zinaagizwa kutoka nje. Mtafiti naye huajiriwa na mradi. Fedha za mfadhili zikikauka, mkataba umekwisha, hata kama sampuli zimejaa kwenye friza. Mwenye wadogo zake wa kusomesha akichagua ajira ya hospitali, nani atamlaumu?

Lakini ushauri huo unachukulia kwamba kazi yote ya biosensa hufanyika ndani ya chumba kisicho na vumbi. Kazi ngumu huanza kifaa kinapokutana na mkojo wa mtu wa Ukerewe.

Tuchukue kichocho. Slaidi moja ya Kato-Katz, kipimo cha kuhesabu mayai ya minyoo kwa hadubini, hubeba miligramu 41.7 tu za kinyesi, kwa hiyo mwenye mayai machache huhesabiwa mzima. Ndiyo maana POC-CCA, kipimo cha haraka cha mkojo, ilipendwa: matone ya mkojo, dakika 20, mstari unatokea kwa aliyeambukizwa. Sasa mstari ukiwa hafifu? Mmoja anauona, mwenzake hauoni. Unaweza kuwa maambukizi madogo ya kweli, unaweza kuwa si kitu. Na si jambo dogo. Mwongozo wa WHO wa 2022 unapendekeza jamii yenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi ipewe prazikwanteli, dawa ya kichocho, kila mwaka, kuanzia watoto wa miaka 2. Kijiji kilicho karibu na mpaka huo, ukihesabu mistari hafifu kinavuka. Ukiiacha, kinabaki chini. Dawa ya kijiji kizima inategemea macho ya mtu aliyekwishasoma vipimo vingi tangu asubuhi! (Zipo kadi za kulinganishia rangi ya mstari. Zinasaidia, ila bado ni macho.)

Kifaa kinachotoa namba badala ya rangi ndicho kinachohitajika. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, wamefika mbali na vipimo vya CAA, antijeni nyingine ya minyoo wa kichocho, lakini wagonjwa wenye maambukizi madogo, wanaotibiwa na kuambukizwa tena ziwani, wako huku. Taasisi za utafiti wa tiba za NIMR na MITU ziko hapa hapa Mwanza. Anayetaka upande wa vifaa vyenyewe ana Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Sijataja kazi nyingine ya biosensa, kupima mikrosistini, sumu ya bakteria waitwao mwani wa bluu-kijani kwenye ghuba zetu, ambayo kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 1 kwa lita.

Linalobaki ni mshahara kati ya mradi na mradi, na hapo wanaokatisha tamaa wako sahihi. Vyuo vyetu vingeanza na nafasi mbili tatu za kudumu za kuhakiki vipimo, kabla ya kununua mashine nyingine.