Chokaa haipo kwa ajili ya watalii

Kila fundi wa saruji anaposimamishwa kazi kwenye nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, maneno ya barazani huwa yale yale. Mamlaka ya Hifadhi ya mji huo inataka wenyeji wabaki na kuta zilizochubuka ili mgeni aliyeshuka melini apate picha. Mtu ana nyumba yake na fedha zake, anataka upande wa njiani upendeze kama nyumba mpya za Mbweni, halafu anaambiwa arudi kwenye chokaa, kitu ambacho babu yake alikitumia kwa kuwa hakikuwapo kingine.

Malalamiko haya yana ukweli mwingi kuliko wahifadhi wanavyopenda kukiri. Ila yamejengwa juu ya dhana moja, kwamba ugomvi wa chokaa na saruji ni ugomvi wa sura. Laiti ingekuwa sura tu, ningekuwa upande wa mwenye nyumba bila kusita.

Tuanze na yeye. Saruji inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, fundi wake yuko kila kona, na ukuta wa mbele unapigwa plasta na kupakwa rangi ndani ya wiki. Chokaa inataka kulowekwa wiki kadhaa kabla haijafaa kazi. Inapakwa matabaka membamba, kila tabaka na siku zake, huku likinyunyiziwa maji lisikauke kwa pupa, na masika ikiingia kazi husimama. Anayepangisha duka chini na vyumba juu atavumiliaje jukwaa la fundi limeziba uchochoro miezi? Tena nyumba nyingi si za mtu mmoja. Ni mirathi isiyogawiwa, warithi wengine wako Muscat, wengine London, na aliyebaki ndiye anayeona aibu wageni wakipita. Nyingine ni za serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine za wakfu. Mpangaji wa humo hawezi kutwishwa gharama za urithi wa dunia nzima, eti kwa kuwa mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji wake kwenye orodha.

Na iko hoja nzito zaidi, ambayo wenye nyumba hawaitumii inavyostahili. Mji huu haukuwahi kuganda. Nyumba za Waarabu zilikuwa na kuta kavu upande wa njia, urembo wote ukiwekwa mlangoni. Wafanyabiashara wa Kihindi walipotajirika wakaleta roshani za mbao na maduka yanayofunguka njiani. Mapaa mengi yalikuwa bapa, ya chokaa, na yalivuja. Mabati yalipofika, watu wakayaezeka juu yake. Ile zahanati ya zamani pale Malindi, iliyoanza kujengwa 1887 kwa fedha za Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, ambayo leo kila mtu anaiona kuwa alama ya ukale, ilikuwa fasheni mpya kabisa ya siku zile. Kama kila kizazi kilibadili sura ya mbele kilivyopenda, kwa nini hiki kizuiwe?

Kwa sababu roshani ilining'inizwa ukutani na bati likawekwa juu ya ukuta. Havikuuziba.

Ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wake nusu mita au zaidi. Jiwe hilo lina matundu na linanyonya maji. Chini hakuna zege wala karatasi ya kuzuia unyevu: maji yanapanda kutoka ardhini, mvua inapiga ubavuni, upepo wa bahari unaleta chumvi. Waliojenga hawakushindana na maji hayo. Waliyaacha yaingie kidogo na yatoke, maana chokaa inapitisha mvuke, na jua likichomoza ukuta unakauka. Anayesoma haya Lamu, Pangani au Mji wa Kale wa Mombasa ana ukuta wa namna hiyo hiyo.

Saruji ilikuja na hadhi yake. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha 1954, cha Wazo Hill 1966, na tangu hapo saruji ndiyo ikawa maendeleo. Chokaa ikaachiwa makaburi na mabanda ya kuku. Kwenye nyumba ya matofali hakuna neno. Kwenye ukuta wa mawe ni balaa. Ukuta wa mawe hucheza kidogo misimu inapobadilika, saruji haichezi nao; inapata nyufa ambazo huzioni mpaka usogee karibu. Mvua inaingia kwenye ufa, na ikishaingia haina pa kutokea. Inatafuta njia upande wa pili, chumbani, ambako rangi inavimba na shura nyeupe, yaani chumvi, inaota juu ya kichwa cha kitanda. Chumvi nyingine inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Gonga ukuta huo kwa kifundo cha kidole: hapa pamejaa, pale panalia kama debe tupu. Miaka michache ikipita kipande kizima kinabambuka, na mgongoni mwake kimeng'oka na chokaa ya zamani na vijiwe vyake. Mwenye nyumba anamwita fundi, fundi anasema safari ile saruji ilikuwa kidogo, anaongeza.

Lakini plasta iliyobambuka ni hasara ya kuonekana. Ninachokihofia mimi ni boriti.

Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa kuwa huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kubeba sakafu ya mawe na chokaa bila kupinda. Kila boriti imezikwa vichwa vyake viwili ndani ya ukuta. Mkoko ni mti mgumu, mchwa hauuwezi ovyo, na ukikaa pakavu unavuka karne. Lakini vile vichwa ndivyo vilivyo karibu kabisa na plasta ya nje. Ukuta ukishinda umelowa mwaka mzima, vinaoza humo humo vilimofichwa, huku katikati ya boriti, ile sehemu unayoiona ukilala chali, ni nzima na imepakwa rangi. Fundi anayejua kazi hubomoa kidogo pembeni akachoma kwa bisibisi. Iliyooza, bisibisi inazama mpaka mpini. Na juu yake kuna tani za mawe, kuna marumaru ambazo mtu ameziongeza, kuna tangi la maji, kuna familia. Sakafu hizo ndizo pia zinazozishika kuta mbili zisiachane. Vichwa vikikatika, ukuta wa mbele, ule ule uliopendezeshwa, unaanza kuinamia njiani.

Sisemi kila nyumba iliyoanguka iliuawa na saruji. Bomba la choo cha ghorofani linalovujia ukutani, au mfereji wa paa uliotoboka, hubomoa hata nyumba ambayo haijawahi kuonja saruji. Tofauti ni kwamba kwenye chokaa mvujo unajitangaza: doa linatokea, plasta inalainika, jirani anakuuliza. Nyuma ya saruji unaweza kuendelea miaka na mbele ya nyumba kunang'aa.

Ndiyo maana hesabu ya bei huwa inafanywa nusu. Chokaa ni ghali siku ya kwanza, ila inatiwa kiraka pale palipoharibika, na kiraka kinashikana na cha zamani. Kubadili boriti kunataka sakafu iwekewe nguzo za muda, chumba kihamwe, ukuta utobolewe pande zote mbili, na mkoko mnene ulionyooka si kitu cha kuokota siku hizi. Aliyeokoa fedha kwenye plasta hulipa hapo, au hulipa mtoto wake.

Hata sura, ambayo ndiyo iliyoanzisha yote, chokaa inadhulumiwa. Watu wanailinganisha chokaa ya miaka 40 isiyoguswa na saruji ya juzi. Chokaa mpya ni nyeupe ya kuumiza macho saa sita, na inapokea rangi za udongo: njano, waridi, buluu ya maji. Ila asije mtu akaipaka rangi ya mafuta juu yake, kwani ni kosa lile lile la saruji lililovaa rangi.

Sasa kwa wenye sheria. Mamlaka ipo tangu 1985, sheria ya hifadhi ilitungwa 1994 na kuandikwa upya 2010. Wakaazi wanalalamika kwamba kinachowafikia ni katazo bila maelezo: mtu anaambiwa hairuhusiwi, haambiwi boriti zake zitaoza. Na katazo la saruji linasomwa kapu moja na kibao cha duka na dirisha la aluminiamu. Ningevitenganisha. Dirisha la aluminiamu linaniudhi, na jirani na mlango wa nakshi linakaa vibaya, lakini halibomoi nyumba. Linang'olewa kesho likarudishwa la mbao. Anayelinda hadhi ya mji mbele ya UNESCO atasema vitu vidogo hivyo vikijumlika mji unapotea, na ana haki. Ila mwenye uwezo mdogo akiruhusiwa dirisha, itakuwa rahisi kumwomba aache saruji.

Kumwomba tu hakutoshi pia. Tanuu la kienyeji la kuchomea chokaa linakula magogo ya minazi na mawe, na chokaa iliyoiva haipatikani siku unayoitaka. Mashimo ya chokaa iliyolowekwa tayari, inayouzwa kwa bei ya kutengenezea, yangesaidia nyumba nyingi kuliko barua za onyo. Hoteli ina mhandisi na mtaji wa kusubiri. Bibi mwenye vyumba vitatu mtaa wa Kiponda hana.

Kwa ambaye ameshapiga saruji, asikimbilie kuibomoa yote kwa nyundo, maana mahali iliposhika sawasawa itang'oka na mawe. Aanze na mabomba na mifereji. Kisha mkanda wa chini, kama mita moja kutoka ardhini, maji yanakopanda: autoe taratibu kwa tindo, auache wazi kiangazi kizima ukauke, ndipo apige chokaa. Vile vipande vinavyolia vitupu vifuate, kimoja kimoja. Kwa muda huo ukuta wa mbele utakuwa wa viraka na mbaya kuliko ulivyokuwa, na ni vizuri mwenye nyumba aambiwe hivyo kabla fundi hajapanda jukwaani.