Mtoto wa Pwani kwenye Tyubu ya Lori

Shemeji ameshaimwaga kwenye kundi la familia ile video ya kijana wa Watamu akinivuta kutoka baharini ndani ya tyubu ya lori, suruali imechanika, familia ikaipeleka kundi la kanisa, na leo asubuhi muuza maziwa wangu hapa Nairobi ameniuliza kama kiuno kimepona. Basi acha niseme mwenyewe. Suruali ilichanika KABLA ya tyubu. Video imekatwa mahali ambapo mtu anaweza kudhani ni yule kijana aliyenivua. Si yeye, ni mwamba.

Wakwe zangu ni watu wa Nyeri, bahari walikuwa wanaijua kwa kalenda tu. Mimi ndiye mtoto wa pwani, mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na tangu nioe nimekula vizuri kwa cheo hicho. Samaki akinuka vibaya, naitwa mimi nimnuse. Pilau ikishika chini, naulizwa mimi. Kuna jambo dogo tu ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikuona sababu ya kulichokoza: bahari nilikuwa naivuka kwa feri ya Likoni, nimesimama, nimeshika bomba. Kuogelea sijui. (Ninyi wa bara mnadhani sisi tunazaliwa na mapezi.)

Tukafika Watamu, karibu na Malindi. Kijana mmoja wa ufuoni akaja kwa heshima zote, akasema bamvua imeingia, zile siku maji hupwa na kujaa kuliko kawaida, na sasa yamekupwa vizuri, atatutembeza mwambani. Nikamjibu kwa lafudhi nzito, lafudhi ambayo hata marehemu nyanya hakuwa nayo: "Sie wa papa hapa, ndugu yangu." Akanitazama viatu. Vilikuwa vya ngozi, vya kufunga kamba. "Haya, kaka," akasema, akaenda kukaa chini ya mvinje. Mkumbukeni huyo.

Tulianzia juu, kwenye lile jabali linalotenganisha ghuba moja na nyingine. Upepo mwanana, maji ya kijani chini, mke wangu anapiga picha, mambo yote sawa. Baba mkwe ni mkulima, hatembei bila kuangalia anakokanyaga. Akainama, akagusa jiwe.

"Kijana, hii jiwe iko na chaza ndani. Nani aliweka?"

Nikapanda mimbari. Nikamweleza kwamba hili jabali lote lilikuwa matumbawe hai, kwamba miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko hapa tuliposimama, ikashuka, matumbawe yakabaki nje yakawa mawe. Ndiyo maana ni makali hivi.

Akatikisa kichwa, akaangalia upeo wa maji. "Na itarudi?"

"Si leo, Baba."

Tukashuka. Jamani, bamvua kwa pale ni nzuri, siwezi kuidanganyia. Mchanga unatokea mpaka unavitembelea vile visiwa vya mawe kwa miguu, na kila shimo la mwamba limebakiza maji yake na wenyeji wake. Kaa wanakimbia kiubavu. Mama mkwe akaona kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, chekundu, kimekaa kwenye kidimbwi kana kwamba kimelipia, akapiga magoti kabisa kukiangalia. Nami nahutubia: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo maji hupwa sana na kujaa sana, tofauti inakaribia mita 4, muda wa saa sita kushuka, saa sita kupanda. Nikawaambia pia kwamba hii ni hifadhi tangu 1968, hakuna kuokota wala kushikashika. Shemeji anarekodi haya yote. Hayo hakuyatuma, mnaona?

Dakika kumi baadaye nilikuwa nimemshika jongoo bahari.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza kama ni mnyama au ni mavi ya mnyama. Mkwe akiuliza swali, wewe unajibu kwa vielelezo. Nikamwinua kwa mikono miwili, mnene, baridi, akasinyaa kidogo. "Huyu hana neno, Mama. Hang'ati." Kweli hang'ati. Alichofanya ni kunigeuzia upande wake wa nyuma na kunimwagia nyuzi nyeupe kama tambi, nyingi, zikatoka na kuendelea kutoka. Ni silaha yake hiyo akitishwa, na inanata. Inanata kwenye vidole. Ukijifuta shati, inanata kwenye shati na vidole bado. Halafu pua ikawasha nami nikajikuna, ikashika ndevu.

Nilimrudisha jongoo majini taratibu, na adabu zangu zote. Mama mkwe akauliza kwa sauti ya upole: "Imekujambia?"

Shemeji akakaa chini kwenye maji.

Nikasema nakwenda kunawa. Nikazunguka nyuma ya kile kisiwa cha mawe, peke yangu, nikaanza kuchuna ndevu uzi mmoja mmoja. Sijui nilikaa muda gani. Niliporudi upande wa pili, familia yote ilikuwa ng'ambo, kwenye mchanga wa ufuoni, inanipungia mikono. Nikafurahi, nikawapungia pia.

Baadaye ndipo nikaona maji katikati.

Somo hili halikuwemo kwenye hotuba yangu: mahali uliposimama panaweza kuwa pakavu huku nyuma yako kuna mkondo ulio chini zaidi, na maji hupitia huko kwanza. Tena yakianza huja kwa ustaarabu, ila ikifika saa ya tatu ya kujaa yanakuja kwa haraka ya mtu aliyesahau jiko. Nikaingia. Magotini, sawa. Mapajani, haya. Wimbi dogo likaninyanyua kiatu cha kulia kutoka chini, kile cha ngozi, na kwa muda ambao video inasema ni sekunde mbili nikawa sikanyagi kitu. Nikarudi kisiwani kwa mwendo nisiotaka kuueleza.

Visiwa vya pale vimeliwa na maji chini, juu vimetokeza. Kupanda ni lazima ujining'inize kwanza. Nikajining'iniza. Mguu wa kushoto ukapata pa kushika, wa kulia ukabaki unatafuta, na katikati ya miguu hiyo miwili matumbawe ya miaka 125,000 yakashika suruali. Niliisikia ikienda. Haikwenda kwa mpigo mmoja. Ilikwenda polepole, mshono kwa mshono, kutoka mfukoni mpaka kusikosemeka, na upepo ukapita. Siku hiyo nilikuwa nimevaa chupi ya njano.

Ng'ambo kukawa kimya. Kisha sauti ya baba mkwe ikaja juu ya maji, safi kabisa, haina hata chembe ya kejeli, na hilo ndilo linaloniuma:

"Kijana! Ogelea! Si wewe ni wa pwani?"

Nikafikiri. Wallahi nilifikiri. Nikajibu: "Nasubiri yapwe, Baba!"

"Ulisema ni saa ngapi?"

"Saa sita kupanda, Baba! Na saa sita kushuka!"

Nikasikia wanapiga hesabu. Mama mkwe akawa anauliza kama nimekula.

Yule kijana alishuka kutoka chini ya mvinje bila haraka, na tyubu ya lori begani, ile wanayokodisha watoto. Alikuja akitembea. AKITEMBEA, ndugu zangu, maji kifuani, anaongea na simu kwa mkono mwingine. Akafika chini yangu, akamaliza simu yake, akasema: "Karibu pwani, mgeni."

Mengine mmeyaona: mimi ndani ya tyubu, kamba, chupi, kofia ya mke wangu inayofunika nisijue nini. Alinitoza bei ya mgeni na sikubishana. Kiatu kimoja kilikwenda. Ndevu nilinyoa usiku huohuo. Mke wangu alicheka kutoka Watamu mpaka Mtito Andei, akapumzika kunywa chai, akaendelea.

Baba mkwe hajacheka hata kidogo. Amependa bahari, na ameshapanga safari ya Desemba. Nambari ya kijana wa tyubu anayo, wanaongea, nasikia wameanza kuitana ndugu. Mimi nimewekewa nafasi kwenye gari, nitakaa juu ufuoni nilinde viatu.