Bahari kuu waiache kwanza, waje waone ngitili

Mjadala wa kuvuta hewa ukaa kutoka angani na kuifungia mahali umepamba moto siku hizi, kuna wanaosema tupande miti na kutunza udongo, na kuna wanaosema nchi kavu haitoshi twende baharini tukamwage chuma. Mimi ni mtu wa Mwanza, maji nayaona kila siku, na msimamo wangu nausema mapema kabisa: hela ziende nchi kavu na kwenye mikoko, bahari kuu isiguswe kwa sasa.

Hiyo ya chuma ndo inayonitia wasiwasi zaidi. Mwanasayansi mmoja Mmarekani, John Martin, mwaka 1988 alisema apewe nusu meli ya chuma ailetee dunia enzi ya barafu. Na hoja yenyewe ina akili, maana kuna sehemu za bahari, hasa kule kusini kuzunguka Antaktika, ambako mimea midogo ya majini ina karibu kila kitu isipokuwa chuma, ukiipa inaota haraka, inanyonya kaboni, ikifa inazama nayo. Jaribio la mwaka 2004 lilionyesha sehemu kubwa ya mimea imezama kweli mpaka chini sana. Lakini la mwaka 2009, la Wahindi na Wajerumani, mimea iliota vizuri tu halafu wakaja wadudu wadogo wa majini wakaitafuna, kaboni iliyofika chini ikawa kidogo mno. Mwaka 2012 kampuni binafsi ikaenda kumwaga karibu tani 100 za vumbi la chuma magharibi mwa Kanada, na dunia ikaja kujua baadaye!

Sasa sisi wa huku kurutubisha maji tunakujua, ziwa letu la Victoria limerutubishwa miaka mingi bila mtu kukusudia. Fosforasi inaingia na udongo wa mashamba, inaingia na maji taka ya mijini, na sehemu kubwa inashuka kutoka hewani, yaani vumbi na moshi wa watu kuchoma mashamba na misitu. Matokeo yake nenda kasimame ufukweni siku maji yametulia uangalie, rangi ya kijani imeganda juu mpaka ukichota na ndoo inabaki imeng'ang'ania pembeni, na harufu yake unaijua. Hiyo mimea ikifa inazama, inaoza, inamaliza oksijeni kule chini, ndo maana tangu miaka ya 1960 maji ya kina kirefu ya Victoria yanakosa hewa kwa miezi kadhaa ya mwaka. Upepo mkali ukiyapandisha yale maji ya chini samaki wanakufa, na mwenye vizimba vya sato anaamka asubuhi anakuta mtaji wote unaelea. Na ikioza pasipo oksijeni inatoa methani, ambayo kwa kupasha dunia joto ni kali kuliko hiyo hewa ukaa tuliyotaka kuizika.

Halafu sangara. Aliletwa miaka ya 1950 na watu waliokuwa na nia nzuri tu ya kuongeza samaki, na kweli amejenga nyumba nyingi hapa Mwanza siwezi kukataa, lakini aina zinazokadiriwa kufika 200 za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zilipotea na hakuna aliyewahi kuweza kumtoa tena. Hilo ni ziwa la kilomita za mraba 68,800, unaliona kwenye ramani mwanzo na mwisho. Bahari je?

Najua upande wa bahari nao wana hoja nzito. Bahari ina kaboni kama mara 50 ya iliyoko angani, na iliyofika chini kabisa inaweza kukaa huko karne nyingi, wakati mti unaungua moto mmoja tu wa kiangazi na kaboni yake inarudi angani. Ni kweli, na binadamu anatoa zaidi ya tani bilioni 37 za hewa ukaa kwa mwaka kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, kwa hiyo anayedhani miti peke yake itamaliza hii kazi anajidanganya. Ila ukikosea nchi kavu unaona kosa na unaweza kulirekebisha msimu unaofuata.

Ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa msimu, ndo mfano wangu. Shinyanga hapo jirani miti ilifyekwa, mingine kwa kumaliza mbung'o, mingine kwa kulima pamba, mpaka mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ukaanza, na kilichofanya kazi kikawa kile walichokijua wazee wa Kisukuma siku zote: unatenga eneo, mifugo haiingii masika, nyasi zinakua, visiki vya zamani vinachipua vyenyewe, kiangazi unafungua ng'ombe wale. Anayevunja utaratibu anajibu mbele ya dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. Kutoka hekta kama 600 zikafika zaidi ya 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na watu wakapata kuni, dawa, asali na malisho, kaboni ikaja kama nyongeza tu.

Na mikoko ya Rufiji, au ile ya Gazi kule Kenya ambako wanakijiji wanauza kaboni tangu 2013, naiweka kundi hilohilo, ipo baharini lakini ina wenyewe. Na lile wazo lingine la kunyunyiza salfa angani ili kupunguza joto la jua wala sitaki kulijadili sana, volkano ya Pinatubo mwaka 1991 ilipoza dunia kama nusu nyuzi na baada ya miaka miwili mitatu ikaisha, maana yake ukianza huruhusiwi kuacha.

Kitu ninachokiogopa nchi kavu ni mikataba. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, madalali nao wameshaanza kuzunguka vijijini na makaratasi ya miaka 30, wengine hata Kiswahili chake hakieleweki. Mkutano mkuu wa kijiji usomewe kila ukurasa kwa sauti, na mwenye ng'ombe ajue kabla ya sahihi ngitili yake itafunguliwa mwezi gani na nani anaamua.