Tasawwuf ni ya dukani pia

Kuna kitu kinanikera kidogo kwa sisi tunaopenda mambo ya tasawwuf, yaani usufi, njia ya kuisafisha nafsi. Mtu akionja tu ladha ya zikri, kule kumtaja Mungu, utamsikia anatamani aache kazi akakae mahali patulivu, mbali na foleni na magrupu ya WhatsApp, na ushahidi wake siku zote ni Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyeacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095 akaondoka zake. Sawa, aliondoka. Mbona hamsimulii alivyorudi? 1106 alikuwa Nishapur anafundisha tena.

Halafu njia aliyotuachia ni ya kibiashara kabisa. Anasema nafsi ichukulie kama mshirika uliyemkabidhi mtaji: asubuhi unamwekea masharti, mchana unamchunga, usiku mnapiga hesabu. Kwa mpangilio huo huo zinaitwa musharata, muraqaba, muhasaba. Sasa ukijifungia pangoni huo mtaji utauzungushia wapi?

Chukua mtu anauza spea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Mteja kashika plagi anaigeuzageuza, anauliza, "Kaka hii ori?" Muuzaji anajua fika sio ori. Hapo kuna kasekunde kadogo kabla mdomo haujafunguka, ulimi ushajipanga kusema ndiyo, kodi ya fremu imekaribia, jirani naye anauza hiyo hiyo na anaiita ori bila kupepesa macho. Muraqaba ndo hapo, kuuona ulimi wako unavyojiandaa. Akiuona anaweza kuamua, asipouona ameshauza.

Uradi mrefu, zile zikri za kurudiarudia, ni mzuri, sibishi, lakini kama haukufikii kwenye sekunde hiyo basi sijui unafika wapi. Tunawajua watu wana kaunta ya tasbihi kidoleni na wanamtukana bodaboda kwenye mataa (na wanaendelea kubonyeza!).

Wazee wetu walilielewa hili. Sheikh Uways wa Barawa, Somalia, aliyeuawa 1909, alipoieneza Qadiriyya, tarika ya kisufi, Unguja na pwani ya huku, walioingia hawakuwa masheikh na matajiri peke yao, walikuwemo watu wa kazi za mikono na waliotoka utumwani, usiku zikri, asubuhi mtu yuko kazini kwake.

Mimi sharti langu la asubuhi huwa moja tu, mara nyingi la simu: kwenye grupu la familia situmi kitu mpaka nimekisoma tena. Usiku kabla ya kuzima taa najiuliza hilo hilo, basi.

Ghazali anaenda mbele zaidi, anasema nafsi ikivunja sharti iadhibiwe, tumbo lililokula chenye shaka lishindishwe na njaa. Hapo mimi nasita. Mtu anaamka saa kumi alfajiri awahi gari la Mbagala, mchana kala chips kavu, halafu umwambie ajinyime tena? Atakuwa na hasira kutwa nzima na hesabu ya usiku itazidi kuharibika. Bora kesho aweke sharti lile lile, alipunguze kidogo.