Vigezo vya Yocto: kipi kiondoke, kipi kibaki machoni

Sisi tunaotengeneza vipima unyevu wa udongo kwa mashamba ya zabibu ya Hombolo tunabishana juu ya faili moja: local.conf, faili la mipangilio la Yocto, mradi wa zana za kujijengea mfumo wa Linux wa vifaa vidogo. Limejaa vigezo mno. Wapo wanaotaka kigezo kimoja tu cha aina ya kifaa, kibebe mengine yote. Wengine wanataka kila kitu kiachwe wazi.

Wanaotaka kupunguza wana hoja nzito. Kijana aliyetoka chuoni anataka kuongeza programu ya kusoma kihisi, anaandika IMAGE_INSTALL += (yaani "ongeza kwenye orodha ya programu") ndani ya local.conf, anajenga core-image-base, mojawapo ya imeji (mfumo mzima ulio tayari kuwekwa kwenye kifaa) za Yocto. Faili hilo husomwa mapema. Baadaye darasa la core-image, yaani faili la maelekezo yanayotumiwa na imeji nyingi, linaleta orodha yake ya msingi kwa ?=, yaani "weka kama bado hakijawekwa". Kimeshawekwa, kwa hiyo orodha ya msingi inaachwa. Akijenga core-image-minimal, inayotumia = ("weka hata kama kimeshawekwa"), ni nyongeza yake ndiyo inayofutwa. Mstari uleule, matokeo mawili, na hakuna onyo lolote. Kwa mtu aliyechoma bando na kusubiri saa nzima, inaumiza.

Hata hivyo, kigezo kimoja kinaficha. Ukikosa Raspberry Pi 3 madukani ukanunua 4, lazima MACHINE, kigezo kinachotaja kifaa, ibadilike, na ENABLE_UART, inayowasha mlango wa mawasiliano ambao kihisi chetu kinautegemea, ionekane ilipo. Amri ya bitbake -e (bitbake ndiyo zana ya Yocto inayofanya ujenzi) huonyesha kila thamani na ilikotoka, ila ni maelfu ya mistari. Fundi aliye shambani hana muda huo. Tena kigezo cha kubuni wenyewe kinahitaji mlezi. Toleo la 3.4 la Yocto la Oktoba 2021 lilipobadilisha uandishi wa _append ("ongeza mwishoni") kuwa :append, matabaka ya zamani, yaani makusanyo ya maelekezo ya ujenzi, yalilazimika kurekebishwa.

Kwa maoni yangu, kiondoke kile ambacho kompyuta inaweza kujijibu. Yocto yenyewe imeonyesha njia: BB_NUMBER_THREADS na PARALLEL_MAKE, zinazopanga kazi ngapi zifanyike kwa pamoja, siku hizi hujikadiria kwa idadi ya viini vya prosesa, na bado watu wananakili mistari hiyo kutoka mafaili ya zamani. DL_DIR na SSTATE_DIR, yaani folda za vilivyopakuliwa na vya matokeo ya ujenzi uliopita, ambazo timu nzima inatumia sawa, ziende site.conf, faili la mipangilio ya pamoja. MACHINE na ENABLE_UART ni uamuzi wa mtu, zibaki juu kabisa, kila moja na maelezo yake.

Na orodha ya programu itoke local.conf. Tuandike imeji yetu ndani ya tabaka letu: pale, IMAGE_INSTALL += ikikaa chini ya inherit core-image (mstari unaoliita lile darasa), inaongeza kweli.